Pawasaplai Niliyoichagua kwa Mkono

Kompyuta ya mezani ya shule yetu, huku Mbuchi deltani, ilikuwa ikizima yenyewe kila tukianza kuchapa mitihani. Fundi mmoja wa Kibiti akaniambia kwa simu: "Mwalimu, usihangaike na prosesa wala memori. Anza na pawasaplai, kile kisanduku kinacholisha umeme mashine nzima. Iliyo nzuri ni nzito."

Basi nikaenda Kibiti dukani, nikanyanyua moja moja. Nikachukua iliyonivuta mkono kuliko zote, nikarudi nayo kwenye boti nimeipakata kama mtoto mchanga. Nikaifunga mwenyewe. Siku ya tatu kompyuta ikazima, ofisi ikajaa harufu ya kuungua, na diski yenye mitihani yote haikuamka tena.

Nikaichomoa ile pawasaplai, nikaenda kuifungua nyumbani barazani. Ndani mlikuwa na feni, nyaya mbili tatu, na bonge la zege lililobandikwa kwa gundi. Zege! Yaani mtu mzima na akili zake alikaa akakoroga saruji ili mimi nione kisanduku kizito!

Mama yangu, ambaye kazi yake ni kununua kamba wabichi kwa wavuvi, akalichukua lile bonge akaligeuzageuza.

"Mwanangu," akasema, "kamba tunawachuja maji kwanza, ndipo tunawapima. Wewe hiki ulikipima na maji yake?"

Kapu lake la kuchujia nimelishika mimi tangu utotoni.