Perpetua na Mtihani wa Nyuso

"Huyu mama hana furaha hata chembe, na siandiki uongo ili unipe maksi!"

Hivyo ndivyo Perpetua Dumlao alivyomfokea Ramil, bwana aliyeletwa kutoka Manila kupima wafanyakazi wa duka letu hapa Iloilo, Ufilipino. Mimi nilikuwa napiga deki chumba hicho hicho, polepole kwa makusudi.

Mtihani ulikuwa wa picha: utazame uso, useme mwenye uso huo anahisi nini. Ukifeli, unatolewa kaunta ya malalamiko, unapelekwa stoo. Perpetua alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kaunta ile. Sasa hapo kuna picha ya mwanamke anatabasamu, yeye kaandika: aibu.

"Dada, meno yote nje hayo," Ramil akasema. "Jibu ni furaha."

"Meno nimeyaona. Macho je? Wewe hujawahi kukemewa mbele za watu?"

"Mtihani umetungwa na wataalamu."

"Basi waje wakae kaunta."

Akafeli. Delfin wa upande wa viatu akaongoza, akapewa kaunta. Perpetua akaenda kupanga ndoo.

Nikajiuliza: mtihani ule unapima kazi, au unapima kujibu mtihani? Jumatatu nikahamishia ufagio wangu karibu na kaunta.

Akaja bibi mmoja na feni iliyoungua. Delfin akamwambia kwa sauti kwamba bila risiti habadilishiwi. Bibi akatabasamu. Delfin naye akatabasamu, akaendelea kumsomea masharti, foleni nzima inasikiliza. Kila akisoma, bibi anazidi kucheka. Mara akaibwaga feni juu ya kaunta, akaangua kilio. Watu wakamzomea Delfin.

Kwetu mtu akiaibika hucheka, nani asiyejua? Hata Ramil alijua, ila karatasi ilimsahaulisha.

Nikakimbilia stoo kumwita Perpetua. Akamshika bibi mkono, akamkalisha pembeni, akamuuliza kwanza kama amekula. Feni akaitazama baadaye. Bibi akaondoka ametulia, na barua ya kwenda kwa fundi.

Ramil aliona yote kutoka mlangoni. Siku tatu akamkwepa Perpetua. Alhamisi akatufuata kantini, tunakunywa uji wa mchele na kuku.

"Dada Perpetua, nina deni la samahani kwako."

"Na limeshazaa riba."

"Nimeongea na meneja. Kesho unarudi kaunta, na maksi nimezirekebisha."

"Maksi baki nazo. Samahani yenyewe sijaisikia."

Akaisema, mbele yetu sote. Perpetua akasogea kwenye benchi, akampisha akae.