Wageni wetu wa Jumapili

Leo mume wangu, ua la moyo wangu, alikuja kunichukua kazini. Tangu hapo nalia tu.

Asubuhi nzima tulikuwa na mafunzo ya makabila kuheshimiana. Mkubwa wangu, Mama Furaha, alipiga makofi kuliko wote. Jumapili ofisi nzima ilikuwa ije kwetu kutupongeza kwa ndoa.

Mpenzi akasalimia kwa ile sauti yake tamu ya kwao Rutshuru.

Mama Furaha akanivuta pembeni:

“Kumbe bwana yako ni mutu wa kule vita inatoka?”

“Mama, na yeye aliikimbia. Alilala Kanyaruchinya, kambini kwa wakimbizi.”

“Sawa. Lakini Jumapili niko na msiba.”

Ghafla ofisi nzima iko na msiba!

Sijamwambia. Yuko nje, anaimba, anaazima viti kwa majirani.

Ninyi mungemwambia?