Viatu Ambavyo Mdogo Wangu Hakuweza Kuazima

Wewe uliyepewa viatu vya wagonjwa wa sukari ukavisukuma chini ya kitanda, kaa nikueleze. Mimi pia nilivisukuma.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikikaa Ilomba, Mbeya, na mdogo wangu, Sekela. Tangu utoto miguu yetu ilikuwa saizi moja, na nyumbani walitununulia jozi moja kwa wawili: navaa mimi kwanza, halafu yeye. Tulipokua tuliendelea hivyo. Tulikuwa na viatu vyeusi vya mchuchumio vya kwendea kanisani, Jumapili hii vyangu, ijayo vyake. Watu walinisifia miguu, na nilipenda kusifiwa.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Nilikunywa maji mpaka nikaona haya, nikawa natoka darasani kwenda chooni, nikakonda. Hospitali walipima mkojo, wakasema ni sukari, wakanianzishia sindano. Nilipata nafuu, lakini baada ya miaka michache miguu ikaanza kufa ganzi. Siku moja nilifika shuleni na ndala moja. Ya pili ilibaki njiani bila mimi kujua.

Daktari aliniambia nitazame ukutani, niseme kila akinigusa unyayo kwa pini. Nikangoja. Nikamwuliza ataanza lini.

"Mwalimu," akasema, "nimeshakugusa mara sita."

Alinituma kwa fundi aliyewashonea viatu wagonjwa wa ukoma. Fundi alinisimamisha juu ya karatasi, akachora miguu yangu kwa penseli, akanieleza polepole. Ndani anaweka raba laini ya sponji ili uzito usikae mahali pamoja. Chini ni soli ya tairi ili mwiba usipenye. Mbele ni pana ili vidole visibanwe. Hakupiga msumari hata mmoja, alishona na kugundisha, maana msumari ukitokeza ndani nisingejua.

Vilikuwa viatu vizuri, ila si vya kutazama. Bombani wanawake waliniuliza kama nimeingia jeshini. Mmoja akasema, "Mwalimu, siku moja tutasikia umepata pancha." Nilicheka nao. Kilichoniuma ni kwamba mwezi huohuo Sekela alinunua viatu vya raizoni, nyekundu, soli nene kama tofali. Zilikuwa zake peke yake, na hakuniuliza.

Nilimwonea wivu ambao sijawahi kumwonea mtu. Akipiga pasi, mimi natazama vifundo vya miguu yake. Akisema amechoka, nafurahi kidogo.

Kisha binti wa baba yetu mdogo akaolewa Nyololo. Nilisafiri nimevaa viatu vya fundi, lakini kikapuni nilificha vile vya mchuchumio. Asubuhi ya harusi kulikuwa na baridi kali, nikavaa soksi ndefu. Sekela alipokuwa akifunga mikanda ya raizoni, nikatoa vyangu nikavaa.

"Dada, daktari alisemaje?"

Nikamwambia daktari hakualikwa.

Nilicheza mchana kutwa. Ilipofika saa nane Sekela alikuwa ameketi kwenye mkeka, raizoni amezivua, anakanda vidole. Mimi bado nazunguka, siumwi popote, nikaona nimemshinda. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Maumivu yalimwambia Sekela akae, akakaa. Mimi hakuna kilichoniambia.

Jioni nilipovua viatu, soksi ilikuwa imegandana na nyama. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kikubwa kuliko kifungo cha koti. Nikakifunga kitambaa, nikanyamaza, nisije nikamsikia Sekela akisema alinionya. Tulibaki kusaidia kazi za pale nyumbani, nami kila siku nilisimama jikoni na kidonda kile. Siku ya tano baba mdogo alidhani panya amefia darini. Sekela alinusa, akaja moja kwa moja kwangu, akanivua soksi kwa nguvu.

Tulikwenda hospitali, Iringa. Daktari wa huko hakuzunguka maneno. Alisema kidole kinaondoka siku ileile, na nikikanyaga chini kabla hajaniruhusu, utafuata mguu, chini ya goti.

Nililala wiki tisa, mguu juu. Walikwangua nyama nyeusi kila siku. Sikuumwa, nilitazama tu. Sekela aliomba likizo kazini kwake akabaki kuniuguza, na hata hapo wivu haukuniacha. Nilimtambua kwa mlio wa raizoni kwenye sakafu ya saruji, nikauchukia. Siku moja nikamwambia asiingie tena wodini na viatu hivyo, kwamba anakuja kunionyesha anavyotembea.

Sekela akaweka chini bakuli la uji.

"Dada, tangu utoto navaa viatu vilivyokwisha kushika umbo la mguu wako. Nilitaka jozi moja tu isiyo na alama ya vidole vyako ndani."

Miaka yote ile nilidhani sina cha kuonewa wivu na mtu wa nyumbani kwangu.

Kidonda kilifunga. Siku ya kusimama, Sekela alitoa viatu vya fundi kikapuni, akaingiza mkono, akapapasa mpaka mbele. Akatoa punje kavu ya hindi iliyoingia humo tangu Nyololo. Ningeikanyaga mpaka Mbeya.

Kwa hiyo nakusihi: kagua nyayo kila asubuhi, na usipoweza kuinama mwombe mtu akutazamie. Papasa ndani ya viatu kabla ya kuvaa. Ukiona lengelenge, sema siku hiyohiyo. Usingoje kuumwa, maana hutaumwa. Namshukuru Mungu, na daktari, na fundi yule, aliyekuja kujaza nafasi ya kidole changu ndani ya kiatu kwa kipande cha sponji.

Sekela ameolewa sasa, anakaa Iyunga. Akija kwangu hupapasa viatu vyangu kwanza, ndipo aketi. Juzi alivijaribu, akaenda navyo mpaka jikoni. Kile kipande cha sponji kikambana kidole, akarudi akichechemea.

"Hivi siviwezi, dada," akasema. "Hivi ni vyako."

Akavivua, akapapasa ndani tena, akanipa nikavaa.