Kibuyu Ambacho Domitille Hakukionja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Domitille Cibalonza ameketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, Kadutu, Bukavu, akisuka kitako cha kikapu. Kando yake mwanamke anauza uji. Domitille hauzi chochote cha kula wala cha kunywa.

"Nani atanunua?" anauliza. "Jina yangu imeharibika."

Ana miaka 51. Kwa miaka tisa alipokea wageni katika kijiji cha wasusi wa vikapu karibu na Kavumu. Walitembelea kwanza jumba la kale la mwami, chifu wa jadi, kisha wakateremka kwake kujifunza kusuka. Kundi zuri lilimwachia dola arobaini.

Kabla ya kusuka walikaribishwa kasiksi, pombe ya ndizi, katika kibuyu chenye mrija. Desturi inamtaka mwenyeji aonje kwanza, wote wakimwona. Asipoonja, wageni hujiuliza ametia nini.

Ulrich, kiongozi wa watalii kutoka mjini, aliifuta desturi hiyo.

"Aliniambia: Maman, bazungu habapendi murija yenye imetoka mu kinywa ya mutu. Nikaacha. Bazungu banakunywa, banacheka, banapiga picha."

Vita vilipowazuia wageni wa mbali, Ulrich alianza kuleta watu wa Bukavu. Hakumwambia Domitille arudie kuonja. Domitille naye hakuuliza.

Mwezi wa tano mwaka jana walifika walimu, wakitoka jumba la mwami. Domitille alimnyooshea kibuyu Micheline, aliyetangulia. Micheline hakukipokea.

"Maman, wewe haujaonja."

"Pardon, maman. Ngoja nionje."

"Sasa unaonja sababu tumekuona?"

Domitille alikunywa mpaka kibuyu kikakauka. Haikusaidia. Walimu walipanda gari bila kununua kikapu hata kimoja, na kabla ya jua kuzama ujumbe wa sauti wa Micheline ulikuwa kwenye simu za kijiji kizima. Hakumwita mtu muuaji. Alieleza alichokiona tu.

Wiki hiyo mawe yalianguka juu ya bati la Domitille. Anajua mtu anayetajwa kwa sumu hufanywa nini. Alihamia kwa dada yake, Kadutu. Hakuna mgeni wake yeyote aliyewahi kuthibitishwa kuugua.

Aliomba baraza la mwami limsikilize. "Nataka kurudia nyumba yangu," anasema. "Nisuke kwangu, haiko kwa ngazi ya mutu."

Jumapili iliyopita, baada ya misa, wazee walimsikiliza mbele ya kijiji. Ulrich alisimama, akakiri: "Ni mimi nilimukataza kuonja. Maman hana kosa."

Wazee wakaamua: Domitille aonje, mtu mmoja anywe baada yake, na neno hilo liishe. Kibuyu kikaletwa. Domitille akavuta mrija mara mbili, akameza, akafungua kinywa waone. Kisha akamkabidhi Ulrich kibuyu.

Ulrich alikishika kwa mikono miwili. Akautazama mrija.

"Kunywa basi, tonton!" mtu akapaza sauti. "Si umesema hana kosa?"

"Maman, unisamehe," Ulrich akasema. "Niko kwa dawa. Docteur amenikataza pombe."

"Hata yeye!" mwanamke mmoja akasema, na kicheko kikapita nyuma.

Mzee wa baraza aliuliza kama kuna mwingine. Hakuna aliyejitokeza. Domitille alikichukua kibuyu kutoka mikononi mwa Ulrich, na baraza likafunga kikao bila kupanga kingine.