Toga ya Trofimo Dobi

Katika kiwanda chetu cha udobi pale Ostia, bandari ya Roma, hakuna aliyekuwa na miguu mizuri kama Trofimo. Mkojo na udongo mweupe tunaofulia huitafuna ngozi ya dobi mpaka ipasuke, lakini yake ilibaki laini. Kila jioni aliipaka mafuta ya zeituni, na yaliyobaki akachovyea mkate. Mkewe Elpida alimcheka sana.

Birika lake la kufulia lilikuwa karibu na langu, ukuta mfupi katikati. Tulishika ukuta ule, tukakanyaga nguo kutwa nzima. Mimi si msemaji, kwa hiyo tulifaana: yeye aliongea na kuimba, mimi niliitikia kwa kichwa. Siku hizi birika lile lina kijana mwingine, mchapakazi, ila haimbi.

Toga zote za mji, yale majoho meupe wanayoruhusiwa raia wa Roma peke yao, zilipita chini ya nyayo zetu. Yenye mstari wa zambarau ilikuwa ya mkubwa wa baraza. Iliyotakiwa ing'ae kwa chokaa, mwenyewe alikuwa akiomba kura. Iliyolika pindoni ilikuwa ya maskini anayeamka alfajiri kwenda kusalimu matajiri milangoni mwao.

"Vibio," Trofimo aliniambia, "huyu wa leo amekalia mchuzi wa samaki. Na bado atatutazama kama sisi ndio tunaonuka."

Lakini yeye hakuruhusiwa kuvaa toga. Aliwahi kuwa mtumwa, na bimkubwa wake, Veturia, alimwacha huru mezani, mbele ya wageni, divai ikiwa imemchangamsha. Kwa hakimu, ili uhuru huo uandikishwe kisheria, hakumpeleka. Basi Trofimo alikuwa huru bila kuwa raia. Akifa, hata sufuria zake zingerudi kwa bimkubwa, na Elpida angebaki mikono mitupu. Sheria ilimwachia mlango mmoja aliouweza: aoe mbele ya mashahidi, apate mtoto, na mtoto akitimiza mwaka ampeleke kwa hakimu kule Roma. Hapo wangekuwa raia.

Mtoto wao wa kwanza alikufa kabla ya kuota meno. Kisha akazaliwa msichana, nasi kiwanda kizima tukamlea kwa macho. Fusko, mfukizaji wetu wa salfa, aliyezing'arisha nguo kwa moshi wake, hakuwa na hatamu mdomoni.

"Shemeji, mfunike huyo! Akikohoa, anakohoa uraia wa mumeo!"

"Kamfunike mama yako, Fusko, na huo moshi wako uupeleke kule!"

Mtoto akatimiza mwaka. Elpida alikuwa amejinyima mpaka akamnunulia mumewe toga ya mtumba, nasi tukaifua kama ya mfalme. Mimi nilikwenda nao Roma kama shahidi, nimevaa toga ya marehemu baba yangu. Nilizaliwa raia, na uraia wangu haukunizuia kukanyaga mkojo uleule.

Nje ya baraza la hakimu Trofimo akaifungua toga yake, nikamsaidia kuivaa, tukaingia. Hakuna aliyefikiri zaidi ya usafi. Dobi huwaza usafi tu.

Tarishi akatusimamisha. "Wewe, unaomba nini?"

"Uraia, bwana."

"Na hicho ulichovaa ni nini?"

Trofimo akajitazama. "Ni... ni toga, bwana."

"Inavaliwa na nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana wapo walioadhibiwa vibaya kwa kujifanya raia. Hakimu akainua kichwa.

"Vua!" tarishi akafoka.

Akaivua, akabaki na kanzu yake fupi inayonuka salfa. Nadhani hofu ilimfanya aiachie mikono ijifanyie kazi iliyoizoea: akaikunja toga ile palepale mbele ya watu, pindo kwa pindo, akaipigapiga ilale, akampa Elpida.

"Kazi yako nini?" hakimu akauliza.

"Dobi, mheshimiwa."

"Naona. Basi siku nyingine uzifue tu, usizivae kabla ya wakati. Mtoto yuko wapi? Na nani anamjua?"

Hapo ilikuwa zamu yangu. Nikaapa kwamba namjua mtoto na umri wake, nimeinamisha kichwa kana kwamba nakiambia kidole changu cha mguu.

"Sauti!" tarishi akasema.

Nikapiga kelele kama mtu aliyeungua. Mtoto akashtuka, akalia mpaka ukumbi ukajaa.

"Basi, basi," hakimu akasema, ameshika sikio. "Mzima huyo. Nimekubali."

Tarishi alitusindikiza mlangoni, sura imelegea kidogo. "Haya, mzee. Sasa vaa."

Tukamvisha pale barabarani, Elpida akivuta huku, mimi kule. Alipendeza. Ila toga humtaka mwenyewe azuie mikunjo kwa mkono wa kushoto, na mtoto alikuwa bado analia, akimnyooshea baba yake mikono. Trofimo akajaribu kumpokea. Nguo yote ikamporomoka mpaka magotini.

"We mwanaume!" Elpida akasema. "Nimetembea na viatu vilivyotoboka kwa ajili ya hiyo nguo!"

"Umeniona nimeivaa, mke wangu? Basi inatosha kwa leo. Nipe raia mwenzangu."

Akambeba mtoto begani, Elpida akabeba toga kichwani, tukashika njia ya Ostia. Mimi peke yangu ndiye niliyevaa kibwana, jasho likinitiririka. Kila tuliyepishana naye alinisalimu mimi kwa heshima, akiwadhani wenzangu watumishi wangu. Niliona aibu, nikataka kuwaeleza mmoja mmoja.

"Waache," Trofimo akasema, anacheka mpaka mtoto anatikisika. "Itikia, bwana mkubwa. Wewe itikia tu."

Nikawa naitikia.