Timu Changa ya Kiwanda cha Unga

Yanasemwa mengi juu ya marehemu mume wangu, na mengi yake yanasemwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa mpira wa kikapu hata kwa bahati mbaya. Kwamba aliwafukuza wachezaji wazoefu ili ajaze timu watoto. Kwamba watoto hao walimwangusha, timu ikashuka daraja, na aibu ikamuua. Kwamba mimi mkewe, kwa vile nilikuwa mwalimu wa sekondari, ndiye niliyempelekea wanafunzi wangu kama mtu anayegawa vifaranga. Maneno haya nimeyasikia hadi sebuleni kwangu, wasemaji wakiwa wamekalia viti vya matanga yake. Nilinyamaza kwa adabu. Lakini adabu ikizidi watu huiita ujinga, kwa hiyo nitaeleza yaliyotokea, na nitaeleza mara moja.

Mume wangu alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha unga. Alirudi nyumbani nyusi zikiwa nyeupe, mpaka wanetu walipokuwa wadogo wakamwita babu naye hajafika hata arobaini. Jioni alikuwa kocha wa timu ya kiwanda. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu, na hakuna siku niliyomsikia akimtukana mchezaji.

Hakumfukuza mtu. Wachezaji wazoefu waliondoka wenyewe, wote kwa pamoja, msimu ulipokwisha. Walihamia timu ya kiwanda cha saruji bila hata kuaga. Siku hiyo mume wangu aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akivua viatu.

"Wametoka kwenye unga wamekwenda kwenye saruji," aliniambia. "Vumbi kwa vumbi."

Alibaki mmoja tu: mdogo wake, shemeji yangu, ambaye tangu ujana wake aliitwa Nahodha, hata na mama yake mzazi. Watu husema alibaki kwa uaminifu. Alibaki kwa sababu goti lake lilikuwa bovu na watu wa saruji hawakumtaka.

Basi timu ikajengwa upya kwa vijana. Wawili walitoka shuleni kwangu, na walikwenda kwa miguu yao. Wengine walikuwa watoto wa wapakiaji na madereva wa kiwandani, warefu, wembamba, wenye njaa ya kucheza. Uwanja ulikuwa wa kukodi, hivyo walifanya mazoezi katika ghala tupu, na fundi wa kuchomelea akawatengenezea pete mbili za chuma. Sakafu ya ghala ilikuwa na utelezi wa unga. Aliyejaribu kudunda mpira kwa mbio aliishia kukaa chini. Hapo ndipo mume wangu alipobuni mtindo wake: mpira haudundi, mpira unapitishwa. Asiye na mtu wa kumzuia anapaza sauti, "Wazi," na anayesema wazi anapewa, awe nani. Ukipita nje ya ghala jioni ungedhani ndani kuna mnada.

Nahodha hakuupenda mtindo huo. Alikuja kula kwetu karibu kila Jumapili, na kila Jumapili alikuwa na neno.

"Kaka, unalea timu au umefungua shule ya chekechea?"

"Chekechea ina faida," mume wangu alisema. "Mtoto akianguka anainuka mwenyewe. Hana goti la kulalamikia."

"Shemeji, unamsikia mumeo?"

"Namsikia," nilimjibu. "Shika chumvi. Husemi wazi, lakini nakupa na wewe."

Hata yeye alicheka siku hiyo.

Lakini lilikuwapo fundisho la pili, na wanaosema watoto hawakulelewa wangelijua hili wangefunga midomo. Wazazi walimkabidhi mume wangu watoto wao, naye aliwalea kama wanawe. Mkubwa hasemeshwi kwa ukali. Kaka ni kaka, ndani ya uwanja na nje. Ukimkuta amesimama, unampisha; akinyoosha mkono, unampa. Walimbebea Nahodha begi lake. Mmoja wao, yule mwembamba waliyemwita Kijiti, ambaye ndiye alikuwa akiongoza mchezo, alimpokea hata kopo la maji kwa mikono miwili. Nahodha aliketi benchi msimu mzima, lakini aliketi kama chifu.

Walianza kwa kufungwa, kama ilivyotarajiwa. Mwenyekiti wa timu alimsimamisha mume wangu mbele ya lango la kiwanda, wafanyakazi wakipita, akamwambia hakuna anayejenga nyumba kwa matofali mabichi.

"Matofali yalishakauka, mwenyekiti," mume wangu alimjibu. "Ni wewe uliyeacha kuja kuyatazama."

Na kweli yalikauka. Kadiri msimu ulivyosonga walianza kushinda, kwanza timu dhaifu, kisha hata wale wa saruji, ambao walitoka uwanjani bila kupeana mikono. Ikafika siku ya mwisho, mchezo mmoja ukiwa umebaki. Wakishinda, timu inabaki daraja la juu. Wakifungwa, inashuka, na kiwanda kilikuwa kimeshasema hakitaendelea kulea timu ya daraja la chini. Mwaka mzima wa kazi ya mume wangu, na jina lake kwa watu, vilikuwa juu ya mabega ya wale watoto. Yeye alilala usingizi mzuri. Aliwaamini.

Asubuhi ya siku hiyo mama mkwe alikuja. Hakukaa.

"Mdogo wako amewekwa benchi mwaka mzima kama mgonjwa anayesubiri daktari," alimwambia mwanawe. "Leo ni mara yake ya mwisho kuvaa jezi. Nakuja kumtazama."

"Mama, goti lake halimruhusu."

"Goti hilo nililizaa mimi. Nalijua kabla yako."

"Mama, leo si siku ya kuagana."

"Sikukuzaa peke yako, mwanangu."

Mume wangu alikubali. "Dakika za mwisho, mama," alisema. "Tukiwa tunaongoza."

Na walikuwa wanaongoza. Niliketi safu ya mbele karibu na mama mkwe, na ninaeleza nilichokiona. Vijana walicheza vizuri kuliko siku zote. Mpira haukukaa mkononi mwa mtu. "Wazi, wazi, wazi," ukumbi mzima ukajifunza neno hilo, hata mashabiki wakawa wanalisema. Pengo lilikuwa la kutosha kumfanya mtu apumue. Ndipo mume wangu akamgusa mdogo wake begani, naye akasimama, akavua fulana ya juu, na mama yake akapiga makofi kabla ya watu wote.

Kilichofuata kilikuwa ukimya.

Mwanzoni sikuelewa ni nini kimepungua. Kisha nikaona. Nahodha alinyoosha mkono, Kijiti akampa mpira. Nahodha akarusha, akakosa. Mpira uliporudi kwa vijana, alinyoosha tena, wakampa tena. Kijiti alikuwa chini ya kikapu peke yake, hana mtu wa kumzuia, mdomo umefunguka nusu, na neno halikutoka. Kumpigia kelele kaka, mtu wa umri wa baba mdogo wake, mbele ya mama mzazi wa huyo kaka, kumwamuru ampe mpira? Aliinua vidole tu hadi kifuani, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa kwenda msalani. Nahodha hakumwona. Alirusha mwenyewe.

"Semeni," mume wangu aliwaambia kutoka pembeni. "Semeni, wanangu." Walimtazama yeye, wakamtazama Nahodha, wakainamisha macho.

Aliomba muda wa mapumziko. Akamwambia mdogo wake akae. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Nahodha alifuta jasho, akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, usiniaibishe mbele ya mama."

Mume wangu alimwacha acheze.

Walifungwa kwa kikapu kimoja. Mwandishi wa redio alimfuata mume wangu na kinasa sauti, akamuuliza kama lilikuwa kosa kuwategemea vijana. Nahodha alikuwa amesimama ubavuni mwake, taulo shingoni. Ilikuwa fursa yake kusema neno moja. Aliinama akafunga kamba za viatu vyake. Basi mume wangu akajibu yeye: "Timu ilikuwa changa."

Hakusema uongo. Lakini maneno hayo matatu yalirushwa jioni, na kuanzia hapo kila kinyozi na kila muuza duka akawa na ushahidi: watoto hawategemeki, kocha mwenyewe amekiri. Wakati ukafika kiwanda kikavunja timu.

Kijiti alikuja nyumbani kurudisha jezi. Alikuwa ameifua na kuipiga pasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Ingia ndani, kocha wako yupo."

"Hapana, nimeleta jezi tu." Alinipa kwa mikono miwili. Alikwenda, akageuka. "Mwambie tulifanya alivyotufundisha. Yote mawili."

Mume wangu alikuwa nyuma ya pazia la sebuleni. Alisikia. Hakutoka, na hakurudi tena kwenye lile ghala.

Aibu haikumuua. Aliugua figo, na hayo yaliandikwa na daktari, si na kinyozi. Lakini alipokuwa hospitali jambo moja lilimsumbua kuliko sindano. Alimwita mdogo wake, akamwomba, nami nikiwapo.

"Waambie wale vijana," alisema. "Waambie watu pia. Nikisema mimi nitakuwa nimekusema. Ukisema wewe utakuwa mwanamume."

Nahodha alimjibu. Na baada ya hapo hakuwaambia vijana, wala watu. Siku ya matanga vijana wote walikuja, wakubwa sasa, wenye kazi zao, wakipita mlangoni kwa kuinama. Walibeba viti, walichota maji, waliosha vyombo pamoja na binti zangu. Na sebuleni, mdogo wa marehemu, kwenye kiti cha marehemu, aliwaeleza wageni: "Kaka yangu aliponzwa na watoto."

Wanaouliza kama timu inayojengwa upya inaweza kuwategemea vijana, jibu ni ndiyo. Watakupa kile ulichowafundisha, chote, hata pale ambapo ungetamani wangesahau. Wakubwa ndio mnaopaswa kuwauliza.

Kuhusu jibu la shemeji pale hospitalini: nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda na bilauri ya maji mkononi, na nilisikia kila neno. Anajua hivyo, ndiyo maana siku hizi ananitumia watu waje kunichunguza kama nitalisema. Ni baba mdogo wa wanangu, na jina lake ndilo jina lao. Alilolijibu silisemi. Mtu asiniulize.