Kumbikumbi wa Manyoya

Pale Lituhi, nyumbani kwa Kilian, jogoo mwekundu alikuwa na heshima kuliko baadhi ya ndugu. Shingo yake ndiyo iliyotoa manyoya ya chambo, na kwa chambo hicho Kilian alijulikana ufukweni kote. Alifunga manyoya mawili juu ya ndoana, akazungushia uzi wa sufu, na hapo akatokea kumbikumbi ambaye hata kuku wa jirani walishawahi kumdonoa. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wa kweli huangukia mto Ruhuhu, na samaki aitwaye mbasa hupanda kuwadaka juu ya maji. Kilian alisimama mdomoni mwa mto na ufito wake wa mwanzi, akamlaza kumbikumbi wake katikati ya wenzake, na mbasa akaingia mkenge.

Zama za ruksa zilimpendeza mwanzoni. Miaka ya maduka matupu alifungia chambo kwa nyuzi za gunia. Sasa mitumba ilifika mnadani, akapata sweta la kahawia lililotoboka, akawa analifumua taratibu. Aliisifu serikali hadharani. Hakujua kwamba mlango uliofunguliwa kwa sweta umefunguliwa kwa nyavu pia. Twaha, mwenye duka, kijana mwenye asili ya pwani na adabu zake zote, alileta nyavu za nailoni akazitega mdomoni mwa mto, ukingo hadi ukingo.

Mwaka huo Lidia, binti wa Kilian aliyeolewa Maguu, milimani kwenye kahawa, alijifungua mtoto wa kwanza. Raimundi, baba mkwe wake, akatuma salamu kwamba wanamleta mjukuu Jumapili. Kilian akajibu kwa mbwembwe: wasibebe kitu, watakula mbasa wa ndoana yake. Mkewe Vitalia akamshauri achinje jogoo tu, maana samaki aliye majini bado hana mwenyewe. Kilian akakasirika. Manyoya ya kuku aliyekufa hunywa maji yakazama. Yanayoelea ni yale yanayonyofolewa kuku akiwa hai, na majogoo wengine kijijini walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa wa mdondo. Mzee alikuwa na kiburi, tusimfichie. Lakini hicho kiburi ndicho alichokuwa amebakiwa nacho.

Jumamosi mvua ilikatika mchana, kumbikumbi wakatoka. Kilian alirusha chambo mpaka bega likamuuma. Mara maji yakafumuka, ufito ukapinda, na moyo wake ukapiga kama wa kijana. Mbasa alikuwa mkubwa. Akakimbilia ziwani na mshipi, akaingia moja kwa moja kwenye wavu wa Twaha, mshipi ukanasa na kukatika. Kilian akabaki amesimama na mwanzi mkononi, hana pa kuvuta wala pa kuachia.

Vibarua wa Twaha walipovuta wavu, mbasa alikuwa mmoja tu, na mdomoni ana manyoya mekundu. Wote wakamgeukia Kilian. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua ugomvi wa samaki ufukweni pale, na hukumu yake waliijua kwa moyo: samaki ni wa aliyemtoa majini, ndoana irudi kwa mwenyewe. Twaha akachuchumaa, akaichomoa ndoana kwa uangalifu.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Chako hiki hapa."

"Marahaba."

Kilian alipokea kwa mikono miwili. Kisha akajishusha, akauliza kama mbasa yule anauzwa. Twaha akajibu, kwa masikitiko ya kweli, kwamba samaki wa leo wote wana wenyewe Songea, na gari la barafu linasubiri. Kilian akauchukua mwanzi wake. Angemlaumu nani, wakati sheria ilikuwa yake mwenyewe?

Alipofika nyumbani alimwambia Vitalia amkamate jogoo, akatoka uani asione. Vitalia alimhifadhia manyoya ya shingo kwenye kibakuli. Kilian aliyatazama, akamwambia asante, ingawa wote wawili walijua.

Jumapili wakwe walikula wakashiba. Lidia peke yake hakugusa nyama. Alijiinamia kwa mtoto, machozi yakimlenga. Raimundi akafyonza mfupa wa shingo, akajifuta mikono.

"Mkwe," alisema, "kumbe ninyi watu wa ziwa mnajua kufuga kuku."

Kilian akamwongezea mchuzi.